Dakika Nne za Babu Lwakatare

3 Oktoba
Mvua imeanza. Nimesogeza spika mbali na dirisha.

6 Oktoba
Baba mkubwa Datius amepiga simu kutoka Kagoma. Nyumba yake mpya imekwisha, sebule imewekwa vigae, na Krismasi ukoo mzima utakutana hapo.

"Evelyne, wewe ndiye mwenye masikio. Tuchagulie chombo cha muziki. Nataka sabufa ambayo ikilia, Muleba mjini wajue tumeamka."

Nikamwambia sabufa ni kelele tu. Nikamweleza, kwa urefu usiohitajika, habari za strima: kisanduku kinachochukua muziki kutoka kwenye diski au kwenye mtandao wa nyumbani na kuupeleka kwenye amplifaya, bila kuupitisha kwenye simu ya mtu wala bluetuthi. Alinisikiliza kwa subira.

"Sawa, mwalimu. Sasa kina besi?"

Nilicheka. Baada ya kukata simu niliona aibu kidogo. Mwaka wa tatu huu nafundisha mitandao ya kompyuta chuoni hapa Bukoba, na bado siwezi kuzungumza na watu wa kwetu bila kusimama ubaoni.

10 Oktoba
Baada ya vipindi nilipita kwa fundi Burhani, karibu na soko. Baba yake alitengeneza redio kwenye meza ileile. Nilimwonyesha kwenye simu strima mbili nilizobakiza kati ya tisa. Moja ina amplifaya ndani yake: unaunganisha spika, kazi imekwisha. Nyingine haina amplifaya, lakini sehemu yake inayogeuza namba kuwa sauti ni bora zaidi, na baadaye mtu anaweza kubadilisha amplifaya bila kutupa chombo kizima.

"Nani atabadilisha?" aliuliza Burhani. "Baba yako mkubwa?"

"Mimi."

"Kumbe unajinunulia wewe, ila unakiweka kwake."

"Fundi, nimekuuliza kuhusu sauti."

"Nami nakujibu kuhusu sauti. Hivi vyote ni mabomba, mwalimu. Bomba zuri halisafishi maji."

"Maji yangu ni safi," nikamwambia.

Akainua mikono kama mtu aliyeshindwa, akarudi kwenye pasi yake ya kuyeyushia risasi.

12 Oktoba
Maji yangu ni kanda za babu. Babu Lwakatare alikufa nikiwa na miaka mitatu. Mwenyewe hakujua kupiga enanga, kinanda chetu cha nyuzi, lakini aliwapenda waliojua. Walipopita kwake Kagoma aliwapa lubisi, pombe ya ndizi, akaweka redio kaseti yake juu ya kinu kilichopinduliwa, akarekodi. Ameacha kanda kumi na mbili.

Mwezi wa nane, wakati wa likizo, nilizihamishia zote kwenye kompyuta. Kila upande ulikuwa fujo: mtu anaomba kiberiti, wazee wanasalimiana mpaka unachoka, kuku anafukuzwa, kisha enanga kwa dakika sita, kisha maneno tena. Nilizisafisha. Sasa ni nyimbo arobaini na moja, kila moja inaanza uzi wa kwanza unapoguswa na kuisha wa mwisho unapotulia. Kwenye spika zangu nasikia mpaka kidole kinavyouachia uzi. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hii.

Kanda zenyewe nilimwachia shangazi Klaudia. Nilimwambia hazina kazi tena.

15 Oktoba
Nimeamua: waya, si waifai. Kuta za baba mkubwa ni za matofali mawili, na rauta ameificha chumbani kwake kama mahari.

19 Oktoba
Shangazi Klaudia amepiga simu. Ni dada wa baba mkubwa na wa marehemu baba yangu. Alirudi kutoka kwa mume kabla sijazaliwa, na tangu hapo anakaa katika nyumba ya babu, shamba moja la migomba juu ya nyumba mpya ya Datius.

"Nasikia unamletea kaka chombo cha muziki."

"Ndiyo, shangazi."

"Chagua kinachosema kwa nguvu. Wazee wa ukoo wamekuwa viziwi. Ndyamukama ukimwambia karibu, anakwambia asante."

Tukacheka. Kisha akaniambia, kwa sauti ileile ya kucheka, kwamba Datius anataka kung'oa migomba yake na kahawa yake apande parachichi. Yeye ahamie nyumba mpya, kuna chumba. Tarehe ishirini na nane Desemba ukoo utakaa kuamua.

"Mimi sina hofu, waitu. Baba alisema mbele ya watu nani akae wapi, na kanda ilikuwa inazunguka. Ile ya mwisho, ya mpiga enanga wa Rubafu. Waliokuwepo wote wamekufa, nimebaki mimi, na mimi nani atanisikiliza? Wewe utawafungulia tu, wamsikie mwenyewe."

Nilisema, "Ndiyo, shangazi." Kinywa changu kilijua kabla yangu kwamba hiyo "ndiyo" si kweli.

20 Oktoba
Jumapili. Sikwenda misa.

Nimesikiliza nyimbo zote nne za kanda ya kumi na mbili. Enanga, enanga, enanga, enanga. Hakuna babu. Nimefungua daftari nililotumia mwezi wa nane. Limeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri, wa mtu aliyepata alama za juu: "Kanda 12, upande B. 21:40 hadi 25:51. Maneno. Ondoa." Na alama ya vema pembeni, kwa kalamu nyekundu.

Ni dakika nne na sekunde kumi na moja. Nakumbuka kwamba nilifurahi, kwa sababu ndicho kipande kirefu kuliko vyote nilivyoondoa.

Nataka kuandika jambo hili sasa, ili nisiweze kulikana baadaye. Sikuyasikiliza yale maneno. Programu niliyotumia inaonyesha sauti kama picha. Enanga ni ua mnene wa miti, umesimama sawasawa. Maneno ni vichaka vilivyotawanyika. Baada ya kanda ya tatu nilikuwa nimeshaijua picha, nikazima spika. Nilikuwa nakata kwa macho huku nikinywa chai. Sauti ya baba wa baba yangu ilipita mbele yangu na sikuwa na hamu hata ya kujua anasema nini, kwa kuwa hakuwa anaimba.

Kisha kompyuta ilijaa, nikafuta rekodi ndefu zote nikabakiza nyimbo.

Mimi ndiye niliyemwambia Datius sabufa ni kelele.

23 Oktoba
Programu ya kufufua faili imefanya kazi siku mbili. Imefufua mitihani ya mwaka juzi.

27 Oktoba
Nimesoma leo, kwa saa sita, tofauti kati ya spika za kusimama sakafuni na za kuweka mezani. Nimechora sebule ya baba mkubwa. Nimesoma watu wa nchi za mbali wakigombana juu ya waya. Nilipokuwa nasoma sikuwaza jambo lolote. Sasa nimefunga kompyuta na shangazi amerudi kichwani.

2 Novemba
Alipiga tena. "Umeshamsikia baba? Sauti inatoka vizuri?"

"Ni hafifu kidogo, shangazi. Natafuta chombo cha kuikuza."

"Tafuta, mwanangu. Tafuta kizuri."

Uongo wa kitaalamu ni mwepesi, maana hakuna wa kukuuliza swali la pili. Nimeagiza ile strima ya pili, ile bora. Nilijiambia ni kwa ajili yake.

9 Novemba
Nimekwenda Kagoma kupima sebule, na nimerudi leoleo.

Baba mkubwa alinishikia mwisho wa futi kamba, akanifuata kila kona akiuliza maswali ya mtu aliyefurahi. Kwa nini spika zisibanwe ukutani? Kwa nini waya upite chini? Nilitaka kumchukia na alinizuia. Mabati mapya ya nyumba ya shangazi ameyanunua yeye. Maji yake ya kunywa anampelekea yeye, kwa pikipiki, kila Jumatatu. "Simfukuzi dada yangu," alisema bila kuulizwa. "Nazeeka, naye anazeeka. Ile migomba imekwisha, ina mnyauko. Nataka tuwe karibu."

"Na maneno ya babu?"

"Wakati ule nilikuwa Mwanza. Sikuwepo. Nikiyasikia nitayafuata. Si una kanda?"

Nikapanda kwa shangazi. Nilipiga magoti kumwamkia, akanishika mabega nisimame haraka, majani yalikuwa yamelowa. Nikamwuliza zile kanda kumi na mbili ziko wapi.

"Si ulisema hazina kazi? Njoo uone."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Amepanda karanga, na kunguru walikuwa wakizifukua. Kwa hiyo ameutoa utepe wote kwenye kanda, akaufunga kwenye vijiti mstari kwa mstari, kutoka kwenye choo mpaka kwenye kahawa. Ulikuwa unalia kwa upepo, kahawia, unang'aa kwa mvua.

"Tangu nifunge, hata kunguru mmoja," alisema. "Baba bado analinda kibanja."

Nilimwambia naomba kipande kwa kumbukumbu. Akacheka, akasema nichukue nitakacho, kunguru wameshajifunza adabu. Nilikaa kwenye matope nikikusanya. Haukuwa na mwanzo wala mwisho, na kanda zote zilikuwa moja. Shangazi alinisimamia na jani la mgomba kichwani mwangu, nisilowe.

16 Novemba
Burhani ameuosha ule utepe, ameukausha, ameunga vipande kwa gundi ya karatasi na kuvirudisha kwenye kasha. Alifanya kazi siku mbili bila mzaha hata mmoja, na hilo liliniumiza. Leo tumeisikiliza.

Sauti ya mvua, ndivyo ilivyo. Mara nyuzi za enanga, zimevutika kama mtu anayepiga miayo. Mara nusu ya neno ambalo lingeweza kuwa neno lolote.

"Unatafuta wimbo gani?" aliuliza.

Nikamwambia. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Alizima redio, akafuta mikono yake kwa kitambaa, kila kidole.

"Mwambie shangazi yako leo. Bado mwezi na nusu. Leo ni kosa. Ukifika siku ya kikao, litakuwa jambo jingine."

"Nitamwambia."

"Kwa simu. Hapa, nikiona."

Nikamwambia nina kipindi. Jumamosi haina kipindi, naye anajua, maana mwanawe anasoma chuoni kwetu.

21 Novemba
Senene wameshuka. Asubuhi nusu ya darasa ilikuwa uwanjani na mifuko, nami sikuwazuia. Jioni mtu amenishushia kopo kutoka Kagoma: senene wamekaangwa, wamenyonyolewa mbawa na miguu mmoja mmoja, na karatasi juu yake. "Kwa fundi wa sauti. Klaudia."

Zamani, shangazi mwenyewe ndiye alinisimulia, mwanamke alichuma senene na hakula. Walikuwa wa mume, au wa mgeni wa heshima.

Sikuweza kuwala. Niliwapeleka ofisini, wakaisha kabla ya chai. Kila mtu aliniambia nimpe mama hongera.

30 Novemba
Mvua. Kusahihisha.

7 Desemba
Strima imefika. Nimeiunganisha chumbani kwangu kuijaribu. Ni nzuri. Ni nzuri sana, na ndiyo maana naandika. Wimbo wa tatu wa yule mpiga enanga wa Rubafu, unapoisha, kuna pumzi. Mtu anavuta pumzi ili aseme. Halafu, palepale, wimbo wa nne.

Kwenye vyombo vyangu vya zamani ile pumzi haikusikika. Nimetafuta chombo kizuri kuliko vyote ninavyoweza kuvifikia, na kimenionyesha nilipokata.

21 Desemba
Kagoma. Nimefunga vyombo siku nzima. Waya nimeupitisha kwenye ukingo wa ukuta, diski nimeiweka kabatini pamoja na rauta, spika nimezitenga na ukuta hatua moja. Baba mkubwa aliwaalika majirani kabla sijamaliza. Nilifungua wimbo wa kwanza, akasimama katikati ya sebule na mikono nyuma. Baadaye akasema polepole, "Huyu mtu yuko humu ndani." Kisha akatoka nje, akakaa huko kwa muda.

Sikujua kwamba naye alimpenda babu. Kwa nini sikujua?

25 Desemba
Tumekula, tumecheza. Shangazi alikaa kwenye mkeka karibu na spika ya kulia, mgongo wima, kama mtu anayengoja jina lake liitwe zahanati. Kila wimbo ulipoisha alinitazama.

26 Desemba
Nimemwambia. Hapana. Nimesema uongo mwingine.

Nilimkuta anamenya ndizi. Nikasema, "Shangazi, lile faili la babu limeharibika. Halifunguki." Faili limeharibika! Kana kwamba limefanya lenyewe.

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea.

"Lakini wewe ulilisikia."

Nikaokota maganda yaliyoanguka.

"Ulihamisha kanda zote. Ulimsikia. Basi utasema wewe. Wewe umesoma, hawatakukatisha. Mimi wananiambia, Klaudia, lete maji."

"Nikumbushe kidogo alivyosema."

"Hapana, waitu. Nikikwambia watasema nimekufundisha. Sema ulichosikia tu."

Akatia ndizi sufuriani. Nilishika sufuria upande wa pili, tukaibeba pamoja mpaka jikoni.

28 Desemba
Nitaandika yote.

Wazee saba walikaa kwenye makochi mapya. Mzee Ndyamukama, mwenyekiti wa kikao, alikaa karibu na mlango kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa inatokea huko, na mara mbili aliuliza kama tumemaliza. Wanawake tulikaa kwenye mikeka. Strima ilikuwa kwenye meza yake, kitaa cha bluu kinawaka. Baba mkubwa alieleza mpango wake vizuri, bila kumdharau dada yake. Kisha akasema, "Dada anasema baba aliacha neno. Mimi sikuwepo. Evelyne amelisikia kwenye kanda, kanda imeharibika. Aseme. Mimi nitafuata."

Nitafuata. Alisema hivyo mbele ya wote, naye ni mtu anayefuata anachosema. Yale maneno yangekuwepo, tungemaliza kabla pilau halijapakuliwa.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo dogo tu, kwamba babu alitaka shangazi akae. Nilifikiri jambo dogo haliwezi kuwa uongo mkubwa.

"Babu alisema shangazi Klaudia asiondolewe."

"Sema kama alivyosema yeye," alisema baba mkubwa, kwa upole. "Neno kwa neno."

Na hapo, Mungu wangu, nilifungua kinywa na yakatoka maneno haya: "Mimi, Lwakatare, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu yeyote, natamka kwamba..."

Kisha mzee mmoja akaanza kutikisika mabega. Kisha wote. Walicheka mpaka Ndyamukama akauliza wamecheka nini, wakamrudishia maneno yangu sikioni kwa sauti kubwa, naye akacheka peke yake baada yao wote.

"Lwakatare?" alisema akifuta macho. "Lwakatare alijua Kiswahili cha kununua chumvi! Huyu aliyesema ni hakimu."

Baba mkubwa hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyepewa noti bandia na mwanawe.

Nikaendelea. Hilo ndilo siwezi kulielewa. Nilianza sentensi ya pili, nikitafsiri, nikisema labda sikumbuki vizuri. Ndipo shangazi Klaudia, kwenye mkeka nyuma yangu, akavuta ncha ya sketi yangu.

"Nyamaza, mwanangu. Hukumsikia."

Nikasema, "Sikumsikia." Nikasema yote nikiwa nimesimama: picha ya sauti, ua na vichaka, chai, daftari, faili ambalo halikuharibika bali nililifuta mwenyewe. Nilijua kila neno jinsi lilivyo, na hakuna aliyeniuliza lolote. Nilipokaa, wanawake walisogea kidogo kunipa nafasi, zaidi ya nafasi niliyohitaji.

Ndyamukama akasema basi, hakuna kanda, hakuna shahidi, Datius aendelee. Akaanza kuinuka.

"Mimi nipo," alisema shangazi.

"Klaudia, waangalie hao wa jikoni..."

"Wamejaa jikoni. Mimi nipo hapa." Hakusimama. Alisema akiwa ameketi, kwa Kihaya, na mikono juu ya magoti. "Nilitegemea mashine kwa sababu nyinyi hamnisikii. Na huyu mtoto alitegemea mashine. Sasa imekwisha, mtanisikia mimi. Baba alisema hivi. Alikohoa kwanza. Akasema, Klaudia asiondolewe katika nyumba hii, alale anapolala mpaka atakapozikwa, na migomba ni yake, na kahawa ni yake mpaka kwenye mfereji wa chini. Mpiga enanga akauliza, na wewe tukuzike na nini? Baba akasema, mnizike na chochote, ila yule mbuzi mweupe asichinjwe kwenye matanga yangu, ana mimba. Watu wakacheka. Akasema, sichezi, msimchinje."

Baba mkubwa aliinua kichwa.

"Yule mbuzi," alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Nilipokuja kwenye mazishi kutoka Mwanza, watu walikuwa wengi, nyama haikutosha. Nikasema kuna mbuzi mweupe pale, mchinjeni. Wakakataa, wote, bila kunieleza. Nimekaa na hasira ile miaka mingi. Nilidhani wamenidharau kwa sababu nilichelewa." Akamtazama dada yake. "Kumbe baba ndiye aliyekataza."

"Alizaa mapacha," alisema shangazi.

Wazee wakanong'onezana. Ndyamukama, safari hii akisikia vizuri sana, akasema mbuzi amethibitisha kwamba maneno yalikuwepo. Nyumba na migomba, Klaudia akae mpaka afe. Lakini kahawa mpaka mfereji wa chini, hapo mbuzi hakufika. Mpaka ni jambo zito, na mwenye kuutaja ndiye anayeutaka. Kama kanda ingekuwepo wangesikia mfereji upi. Haipo. Kwa hiyo mpaka utapita kwenye mfereji wa juu, na kahawa itakwenda kwa Datius.

Baba mkubwa alijaribu kusema kitu. Ndyamukama akamwambia kikao kimefungwa na chakula kinapoa.

Ni mistari sita ya kahawa. Nimeihesabu nilipokuwa natoka. Shangazi ameipogoa kwa mikono yake kila mwaka tangu kabla sijazaliwa.

29 Desemba
Baba mkubwa alikuja kwa shangazi asubuhi akamwambia aendelee kuchuma ile kahawa, yeye hana haraka. Shangazi akajibu, "Ukoo umesema. Usinipe zawadi kitu ambacho kilikuwa changu." Akampa chai.

Mimi hakunisemesha baba mkubwa. Alizima strima kabla sijaingia sebuleni, akaacha redio ya betri ikisoma matangazo ya vifo.

31 Desemba
Leo tumepanda mpaka. Kwetu mpaka haupandwi kwa uzio, hupandwa kwa mulamula. Shangazi amekata miche mwenyewe, amekataa vibarua. Nilimwomba nimsaidie. Alifikiri kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwangu, kisha akanipa kifungu cha miche nikibebe.

Mvua ilikuwa nyepesi. Yeye alichimba kwa jembe, mimi niliweka mche, yeye alifukia. Kahawa ilikuwa mkono wetu wa kushoto, na matunda mabichi yalitugusa.

Tulipofika katikati nikamwuliza. Sikuwahi kumwuliza kwa kutaka kumsikia tu, tangu Oktoba, wala mwezi wa nane nilipokuwa na kanda zote mkononi. Nikasema, "Shangazi, babu alisema nini kingine?"

Akaniambia huku akichimba. Kwamba kwanza alilalamika lubisi ina maji. Kwamba alimtaja kila mtoto, na baba yangu alimtaja mara mbili kwa kusahau. Kwamba alisema binti mdogo wa huyo, aliyekuwa amelala kwenye mkeka pembeni ya redio kaseti, asiamshwe, enanga itamlaza vizuri. Binti huyo ni mimi. Kwamba mpiga enanga alimtania hatakufa kamwe, bado ana maneno mengi, na babu akasema, basi nyamazeni niyamalize. Alinisimulia taratibu, mashimo manane, labda tisa. Ilikuwa zaidi ya dakika nne. Sikuwa na kalamu wala simu, na mara mbili nilimwomba arudie nilipokosa kusikia kwa sababu ya jembe.

Alipomaliza nikamwambia, "Yote hayo niliyakata."

"Najua," alisema shangazi. "Shika huo wima, unalalia upande wao."